Kwa anayenunua hamsini yake ya kwanza

Ukishaizoea kamera yako na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, inayovuta kutoka 18mm hadi 55mm, ukaona unachopenda hasa ni picha za watu, usikimbilie lenzi za bei ya pikipiki. Tafuta 50mm ya f/1.8, hamsini kwa kifupi. Namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga unaingia zaidi. Canon wana EF 50mm f/1.8 STM iliyotoka 2015, Nikon wana AF-S 50mm f/1.8G ya 2011, na zote mbili ni za bei nafuu ukilinganisha na lenzi nyingine za kampuni hizo.

Faida ya kwanza ni mwanga, nayo utaiona siku hiyohiyo. Ile 18-55 ukiivuta hadi mwisho, tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Hamsini kwenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Sebule yenye taa moja jioni inapigika bila flashi.

Lakini hamsini haivuti kama ile 18-55. Mtu akiwa mdogo kwenye picha unamsogelea, akiwa mkubwa unarudi nyuma. Wanaoanza hulalamikia jambo hili kuliko yote, na mimi naona ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu linakulazimisha ujiulize umesimama umbali gani na huyo unayempiga picha.

Sura ya mtu hubadilishwa na umbali. Ukimpiga kwa 18mm ukitaka kichwa na mabega tu, itabidi umkaribie kama nusu mita. Pua inavimba, masikio yanakimbilia nyuma, na dada wa watu anaiona picha anasema huyu si mimi. Ana haki. Kwa hamsini, kichwa na mabega hivyohivyo unavipata ukiwa mita moja na nusu, na hapo uso unatulia, unafanana na ule tunaouona tukizungumza na mtu. Nazungumzia kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), ziitwazo APS-C, ambazo wengi wenu mnaanza nazo. Kwa Canon hizo, hamsini inaona eneo lilelile ambalo 80mm ingeliona kwenye sensa kubwa. Mwenye sensa kubwa asidanganyike akasogea hadi chini ya mita moja ili kuujaza uso. Asimame mbali kidogo, apunguze kingo baadaye, au ajipange kununua 85mm.

Vipimo hivi vya sensa ndogo vishike, kamera ikiwa wima: mita moja na nusu kwa kichwa na mabega; mita mbili kwa kichwa hadi kiuno au zaidi kidogo; mita nne na nusu kwa mwili mzima na nafasi kidogo juu na chini. Sasa fikiria chumba cha futi kumi kwa kumi. Mtu mzima kusimama humo na wewe ukampata kutoka utosini hadi kisigino, haiwezekani. Ukiitwa kupiga picha nyumbani kwa mtu, mwombe mtoke barazani au uani, na ile 18-55 ibaki ndani ya begi kwa ajili ya picha za familia nzima. Usiiuze.

Jambo la pili linalohusu umbali ni fokasi, yaani kuielekeza lenzi ili unachokitaka kitoke kali, na hapa ndipo picha nyingi za hamsini mpya huharibika. Ukiwa mita moja na nusu kwenye f/1.8, sehemu inayotoka kali ni kama sentimita sita tu kutoka mbele hadi nyuma. Mtu akigeuza uso kidogo, jicho moja linabaki nje. Anzia f/2.8, upate karibu sentimita kumi. Chagua mwenyewe nukta moja ya fokasi, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, usiiachie kamera ikuchagulie, maana mara nyingi itashika pua au ua la kwenye nywele. Wakiwa wawili, nenda f/4, rudi hadi mita mbili, wapange mabega yao yawe mstari mmoja.

Kuhusu ule ukungu mzuri wa nyuma unaowavutia wote: haupatikani mtu akiwa ameegemea ukuta. Mtoe ukutani mita tatu au nne, ukungu utakuja hata kwenye f/2.8. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na kwa watoto anzia 1/250, kwa kuwa lenzi hizi mbili hazina kitulizi cha mtikisiko. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda hadi 1600, iache ipande. Chembechembe zinavumilika, picha iliyotikisika haivumiliki.

Ukinunua iliyotumika, mulika tochi ndani ya kioo kutoka upande wa nyuma. Ukiona nyuzinyuzi za kuvu, achana nayo hata bei ikipungua. Miji ya pwani kama Dar, Mombasa na Unguja ina unyevu unaozilea. Lenzi ikiwa safi, ifungie kwenye kamera yako, jaribu fokasi ya karibu na ya mbali. Mwenye Nikon za familia ya D3000 na D5000 asiuziwe ile hamsini ya zamani yenye herufi D, kwa kuwa kamera hizo hazina mota ya kuiendesha, na fokasi yote ataizungusha kwa mkono. Nyumbani iweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uvibadilishe mara kwa mara.