Kuzipiga upya nyimbo za bendi kongwe

SWALI: Mhariri, bendi yetu changa hapa Umoja, Nairobi, inataka kurekodi albamu ya kuienzi bendi ya roki ambayo kanda zake zilitulea. Je, tuzipige nyimbo zilivyo, au tuzigeuze?
Mpiga besi, Umoja

JIBU: Zigeuzeni, kwani nakala inayofanana na kanda ya awali haimpi msikilizaji sababu ya kuiacha kanda hiyo. Mwaka 2016, ndugu Aaron na Bryce Dessner wa bendi ya The National walisimamia Day of the Dead, albamu ya nyimbo 59 za kuienzi Grateful Dead ya Marekani, iliyochangia shirika la Red Hot linalopambana na UKIMWI. Humo wamo hata wakongwe wa Dakar, Orchestra Baobab, ambao mimi huwarudia kwanza. Mnaweza kuanza kwa kumpa mpiga nyatiti sehemu ya gitaa la solo, mkapunguza ngoma, kisha mkasikiliza iwapo kiitikio bado kinatambulika. Ruhusa ni suala jingine: nchini Kenya haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo waandikieni wenye nyimbo kabla hamjalipia studio.