Kazi Posta, chumba upange wapi Dar?

Ndugu, umesema unatoka Mwanza, kazi iko Posta, huna gari, na dalali anakuharakisha ulipe kodi ya miezi sita Kigogo kwa kuona picha tu. Tafadhali usilipe.

Anza na usafiri. Tafuta kandokando ya Barabara ya Morogoro, Magomeni hadi Kimara, maana mabasi ya mwendokasi yanafika Kivukoni, jirani na Posta. Chumba kiwe mwendo wa miguu kutoka kituoni. Bodaboda ya kila siku inakula nafuu yote ya kodi. Panda mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya kazi, uone foleni.

Kigogo ya bondeni, karibu na Mto Msimbazi, hufurika wakati wa masika. Kagua michirizi ya maji ukutani na uwaulize majirani, si dalali.

LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni yako peke yako? Mita ya kuchangia huleta ugomvi kila uniti zinapoisha. Maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, na kuna simtanki?

Mwenye nyumba mthibitishe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, asaini mkataba yeye mwenyewe. Ukisikia nyumba ina kesi ya mirathi, muone mwanasheria kwanza, au iache. Dalali mpe chake ukishapokea funguo.