Muulize Fundi: Shokapu ndefu, usukani mfupi

SWALI: Fundi, shikamoo. Mjomba kaniachia pikipiki ya Honda CG125, injini bado nzima. Nataka kuichonga upya: shokapu za mbele ndefu kama za chopa (pikipiki ya pua ndefu), usukani wa chini kama wa kafe resa (pikipiki ya kukimbiza barabarani), tairi za matope zenye meno makubwa, na siti ibaki ya mtu mmoja. Naendea kazini, na Jumapili nampeleka mama kanisani. Wenzangu wanasema nachanganya mafaili. Unasemaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kuchanganya si kosa. Vijana wa Uingereza wa miaka ya 1960 walikuwa wakichomoa injini ya pikipiki ya Triumph na kuipachika kwenye fremu ya pikipiki ya Norton, wakaiita Triton. Lakini walifuata mwendo: injini ile ilikuwa na mbio, na fremu ile ilishika kona vizuri. Sura ilikuja yenyewe.

Wewe umeanza na sura, na mimi nilianza hivyo hivyo. Nilirefusha shokapu za mbele kwa inchi 6 bila kugusa kitu kingine. Ilipoegeshwa, watu walisimama kuitazama. Nilipoipanda usiku, taa ikawa inamulika majani ya mwembe badala ya barabara. Pua ikipanda, gurudumu la mbele linasogea mbali na usukani unalala nyuma. Kwenye barabara iliyonyooka unatulia, ila kwenye foleni, ukienda polepole, unataka kuanguka upande wowote unaougusa. Nilimaliza wiki mabega yanauma, nikarudisha za zamani.

Sasa juu ya hapo uweke usukani wa chini? Chopa inakukalisha nyuma, kafe resa inakulaza mbele. Ukivifunga pamoja, uzito wote unaishia kwenye viganja. Zaidi ya hapo, usukani mfupi ukigeuzwa hadi mwisho unafika kwenye tenki. Kidole gumba changu kilibanwa pale nikigeuza getini, na tenki lina kishimo mpaka leo.

Kwa hiyo shokapu ziache kama zilivyo. Usukani usinunue kwanza: legeza bolti, ugeuze huo ulionao juu chini, ukaze. Geuza kushoto hadi mwisho, geuza kulia, uone kama waya wa klachi na wa breki unavutika. Kisha nenda Muheza na urudi. Ukifika nyumbani na bado unaupenda, ndipo utafute wa kudumu.

Tairi chukua za meno ya wastani. Yale makubwa yanavuma kwenye lami, na ikinyesha, ukifunga breki yanateleza. Na usivutiwe na nene: kwenye rimu nyembamba linajibana, linavimba katikati, na la nyuma linaweza kusugua cheni. Madigadi ya mbele usiitoe. Tope la masika litakupiga usoni.

Fremu ya nyuma ukitaka kuikata, kata nyuma ya zilipofungwa shokapu za nyuma, kamwe si mbele yake. Shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, asiiguse mtu kwa moto wa kuchomelea.

Kuhusu siti ya mtu mmoja, mama umemuuliza?