Ni kanisa gani hili kwenye postikadi ya babu?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kwenye sanduku la marehemu babu nimekuta postikadi ya kale, ina kanisa la mnara mmoja na minazi pembeni, jina la kanisa hakuna ila chini imeandikwa Daressalam. Nyuma kuna stempu ya meli ya 4 Heller na maneno ya Kijerumani. Shangazi anasema ni St. Joseph, mzee jirani yetu anakomaa ni Minara Miwili ya Zanzibar. Picha nimewatumia, mtumalizie ubishi. Msomaji, Magomeni.

JIBU: Marahaba. Huyo mzee mpe pole, maana kanisa analolitaja jina tu linamkataa, yako ina mnara mmoja bwana. Shangazi yuko karibu zaidi, St. Joseph nayo ni ya Wajerumani, ilijengwa 1897 mpaka 1902 na iko hapo hapo karibu na bandari, kwa hiyo watu kuichanganya na kanisa la kwenye kadi yako ni kawaida. Ila mnara wa St. Joseph umechongoka juu kama penseli, wa kwako ni mnene wa pembe nne, halafu chukua lensi uangalie madirisha vizuri: juu yake kuna vijipaa vidogo vya vigae vya kukinga jua. Hivyo vijipaa ndo vinamaliza kesi, hiyo ni Azania Front, kanisa la Kilutheri, kazi ilianza 1898. Panda daladala ya Posta, tembea mpaka pale mbele ya bahari na kadi yako mkononi, utaviona vipo mpaka leo.

Rangi ya paa usiitegemee sana, kadi nyingi za wakati ule zilipigwa picha nyeusi na nyeupe halafu zikapakwa rangi huko Ulaya na watu ambao Dar hawajawahi kuikanyaga, ndo maana wakati mwingine unakuta bahari ya ajabu ajabu.

Kuhusu umri, stempu inasaidia. Heller, ile sarafu ndogo ya Wajerumani, ilianza kwenye stempu za huku 1905, kabla ya hapo stempu zilihesabiwa kwa sarafu nyingine iliyoitwa pesa, na Waingereza waliuchukua mji Septemba 1916, basi kadi yako iko humo katikati. Na huo mstari unaogawa nyuma, kushoto barua kulia anwani, Wajerumani waliuruhusu 1905 hiyo hiyo, zamani nyuma ilikuwa ya anwani tu, salamu unabanabana kwenye picha. Muhuri wa posta uuangalie kwenye mwanga wa pembeni, mwaka unaweza kusomeka. Stempu tafadhali usiibandue, wanunuzi wanataka kadi nzima na muhuri wake.

Maandishi sasa, huo ni mwandiko wa kizamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo unawashinda, hivyo rafiki aliyesoma Kijerumani chuo asikuahidi makubwa. Tafuta mtu aliyezoea nyaraka za enzi hizo, anzia Nyaraka za Taifa pale Upanga ukaulize.