Tabaka la Tatu Lilikuwa la Nani?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwanangu anasoma Mapinduzi ya Ufaransa, nami nimeshindwa kumweleza maana ya "Tabaka la Tatu" na jinsi lilivyomng'oa mfalme. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, Ufaransa ya wakati ule iligawa watu katika matabaka matatu: makasisi, makabaila, na wote waliobaki, kuanzia mwanasheria mwenye mali hadi mkulima asiye na kitu, ambao ndio hasa waliobeba mzigo wa kodi. Hazina ilipokauka, Mfalme Louis wa 16 aliita Baraza la Matabaka, ambalo halikuwa limekutana tangu 1614, likafunguliwa Versailles tarehe 5 Mei 1789. Hapo ndipo palipozuka ugomvi ninaouona kuwa kiini cha yote: je, kura zihesabiwe kwa vichwa au kwa matabaka? Kwa matabaka, makasisi na makabaila, wachache kiasi kile, wangeweza kushinda kila mara, mbili kwa moja.

Tarehe 17 Juni Tabaka la Tatu likajitangaza kuwa Bunge la Taifa. Siku tatu baadaye wajumbe walikuta ukumbi wao umefungwa. Wakaingia katika jengo la karibu lililokuwa la kuchezea mchezo uliozaa tenisi, wakainua mikono na kuapa kwamba hawatatawanyika mpaka nchi ipate katiba. Mwezi Agosti, Tamko la Haki za Binadamu na Raia likaweka asili ya mamlaka yote katika taifa, si katika damu ya mfalme. Ufalme wenyewe ulifutwa Septemba 1792.