Kadi ya Benki Iliyonizungusha Miezi Tisa

Kadi yangu ya benki ya nyumbani, Tanzania, ilikuwa imeandikwa 08/23. Niliiona tarehe hiyo mwanzoni mwa Julai, nimesimama mbele ya ATM kwenye stesheni kuu ya Leipzig, Ujerumani, nyuma yangu foleni ya watu na masanduku yao. Sikushtuka. Kadi hufanya kazi hadi siku ya mwisho ya mwezi ulioandikwa, kwa hiyo nilikuwa na karibu miezi miwili mkononi. Nikatoa euro zangu, nikaenda kununua mkate. Kadi mpya nilikuja kuitumia Aprili ya mwaka uliofuata, na sikuitumia Leipzig bali Morogoro.

Nimeulizwa na wenzangu wengi nilikwama wapi, na kila mmoja namsimulia kipande. Leo naandika yote.

Kuna wanaoshangaa mtu anayeishi Ujerumani anataka nini na kadi ya Tanzania. Mimi nina vyumba vya kupangisha Kihonda, Morogoro, urithi wa mama, na wapangaji huingiza kodi kwenye akaunti ile. Mwenzangu mmoja yuko masomoni na mshahara wake unaingia kule kila mwezi. Mwingine ana pensheni. Hela iko kule, tumbo liko huku, na katikati kuna kipande cha plastiki.

Niliandikia benki barua pepe. Baada ya siku tisa nikajibiwa kwamba mteja afike tawini na kitambulisho. Nikaandika tena kueleza kuwa mteja yuko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka tawini. Wakasema basi amtume mtu mwenye barua ya idhini. Hapo nikaona shida imekwisha. Nikaandika barua, nikaisaini, nikaipiga picha, nikamtumia dada yangu akaichapishe na kwenda nayo.

Dada alikaa kwenye benchi tangu saa tatu. Saa sita karani akatoka na fomu yangu ya mwaka 2009, niliyoijaza nilipofungua akaunti ya kupokelea bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi. Akaziweka karatasi mbili sambamba juu ya kaunta. "Dada, hebu tazama mwenyewe. Sahihi hizi zinafanana?" Hazikufanana hata kidogo. Mwaka 2009 nilikuwa naandika jina zima, herufi kwa herufi, kama niko kwenye mtihani wa mwandiko. Sasa sahihi yangu ni mkunjo mmoja kama jongoo aliyekanyagwa. Dada akanipigia akiwa palepale: "Mdogo wangu, hata mimi ningekukatalia."

Sikuwa na cha kumlaumu karani. Kazi yake ni kulinda hela yangu dhidi ya watu wanaokuja na picha ya barua. Nami nilikuwa nimekwenda nyumbani mara mbili tangu nihamie huku, na mara zote mbili nilipita mbele ya tawi lile bila kuingia. Ukiwa likizo, ingia ubadilishe kielelezo cha sahihi, uhakikishe namba ya simu waliyonayo ni ile unayoitumia, na uwaachie barua pepe yako. Ni nusu saa tu, ukiwahi asubuhi.

Ikabidi nipande treni hadi Berlin, ubalozini, na hati ya uwakilishi igongwe muhuri. Hapa nina ushauri ambao ndugu wengine hawaupendi: hati iwe nyembamba. Yangu ilisema mtu huyu, mwenye namba hii ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, anaruhusiwa kupokea kadi na bahasha ya namba ya siri ya akaunti hii, basi. Haikusema atoe fedha, haikusema aendeshe akaunti. Dada yangu ningempa hata roho yangu, lakini karatasi ikishagongwa muhuri inaweza kushikwa na mtu mwingine yeyote. Na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti na kwenye NIDA, kwa mpangilio uleule. Kama moja lina herufi ya ziada, lirekebishe kabla hujakata tiketi ya treni.

Kama kadi yako bado inafanya kazi na unabadilisha mapema, uliza swali moja zaidi: ya zamani itazimwa lini? Ikizimwa siku ile mpya inapochapishwa, utakaa wiki kadhaa huna hii wala ile. Kwangu haikuwa na maana tena, kwa kuwa Agosti ilishapita.

Septemba dada akaipokea kadi, akaenda nayo Posta, akaituma kwa rejista. Akapewa risiti yenye namba ya kufuatilia, herufi mbili mwanzoni, tarakimu tisa, kisha TZ. Nilikuwa naifungua simu kila asubuhi kuiangalia kama mtu anayefuatilia matokeo ya ligi. Imetoka Dar. Imefika Ujerumani. Halafu kimya, na baada ya kimya, maandishi kwamba inarudishwa ilikotoka.

Desemba ikarudi Morogoro. Dada akanitumia picha ya bahasha. Ilikuwa imebandikwa kibandiko chenye visanduku vidogo, na kisanduku kimoja kimetiwa alama: Inconnu. Ni Kifaransa, lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani, maana yake huyu hajulikani. Nilikuwa nimeishi kwenye nyumba ile mwaka na miezi minne.

Kosa lilikuwa langu, na ndilo kosa ninalolikuta kwa kila Mswahili mgeni huku. Sisi tumezoea S.L.P. Barua inakwenda kwenye sanduku lenye namba, na jina ni la kukusaidia tu usigombane na wenzako mnaochangia sanduku. Ujerumani mambo yamepinduka. Vyumba kwa kawaida havina namba kwenye anwani. Kuna mtaa, namba ya jengo, na mlangoni safu ya masanduku ya barua yenye majina. Mpeleka barua husoma jina, akiliona anatumbukiza, asipoliona anarudi nayo. Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa mtu, na kwenye sanduku la barua kulikuwa na jina lake peke yake. Barua zangu za ofisi za Kijerumani zilikuwa zinafika kwa sababu anwani niliyowapa wao ilikuwa na "c/o", yaani kupitia kwa fulani, na jina la mwenye nyumba chini ya langu. Dada nilimtumia jina langu na mtaa, nikasahau mstari ule mmoja. Na kuandika jina kwenye sanduku kungenigharimu kipande cha karatasi na gundi.

Jambo jingine la huku: usipokutwa nyumbani, barua ya rejista haisukumwi chini ya mlango. Unaachiwa kikaratasi, na barua inakungoja kwenye ofisi ya posta ya karibu kwa siku saba za kazi. Unakwenda na pasipoti. Ukiwa umesafiri wiki mbili, imerudi.

Wenzetu walioko Muscat au Dubai wana shida yao tofauti. Kule barua nyingi huenda kwenye sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe ni la mwajiri. Kabla hujatoa namba ya sanduku la kampuni, jiulize nani hulifungua. Bora kifurushi cha kampuni za usafirishaji, kwa kuwa wao hupiga simu kabla ya kuja na hukukabidhi mkononi.

Na hata huku, ningejua, ningetumia njia hiyo tangu mwanzo. Dada aliulizia bei, ilikuwa karibu laki mbili, nikaiona ni dhuluma kwa kitu chepesi kuliko barua ya mapenzi. Hesabu sasa nauli ya Berlin, rejista iliyokwenda na kurudi, na miezi ile yote. Kama utaitumia, uliza kwanza kama wanapokea kadi za benki, kwa maana kampuni hizi zina masharti yao kuhusu vitu vya fedha. Usidanganye kwenye fomu ukaandika "nyaraka" tu, kikipotea huna pa kuanzia madai.

Mara ya pili kadi ilikuja na mtu. Januari kijana mmoja mwanafunzi alikuwa anarudi kutoka likizo, dada akamkabidhi kadi Dar, imefungwa katikati ya kanga mbili ambazo eti ni zawadi yangu. Kwa njia hii sharti ni moja: kadi na namba ya siri zisipande ndege moja. Bahasha ya namba ilibaki Morogoro. Kadi ilipofika kwangu, dada aliifungua bahasha ile, akanisomea tarakimu nne kwa simu, kwa Kiluguru, kana kwamba Kiluguru ni kufuli. Njia hiyo siipendekezi. Lakini ni afadhali kuliko alichotaka kufanya kwanza, kupiga picha bahasha na kuituma WhatsApp, ambako ingekaa kwenye simu mbili mpaka siku mojawapo iibiwe Kariakoo.

Basi nina kadi, nina namba ya siri, nimesimama kwenye ATM ileile ya stesheni. Imekataa. Nikapiga simu benki, binti mmoja mwenye sauti ya upole akaniambia, "Kaka, kadi haijaamshwa. Tutakutumia meseji yenye namba kwenye simu uliyosajili." Simu niliyosajili! Laini ile ilikuwa kwenye droo ya meza, ndani ya kopo la vifungo. Sikuwa nimeitia vocha wala kuiwasha tangu majira ya joto, na ilikuwa imeshafungwa kwa kutotumika.

Hapa ndipo nilipoelewa kwamba muda wote nilikuwa nahangaikia kitu kisicho kikubwa. Kadi ni plastiki, benki inaweza kuchapisha nyingine keshokutwa. Laini je? Tangu laini zetu zisajiliwe kwa alama za vidole, zikafungamanishwa na NIDA, hakuna dada wala shemeji anayeweza kuifufua kwa niaba yako. Dada alikwenda dukani kwa mtandao wa simu na hati yangu yenye muhuri wa ubalozi. Kijana wa pale akaisoma vizuri, akairudisha kwa heshima, akasema, "Mama, hapa tunahitaji kidole." Kidole kilikuwa Leipzig.

Na si kadi pekee iliyokwama. Huduma ya benki kwenye simu ilikuwa imefungamanishwa na namba hiyohiyo. Tangu Oktoba nilishawaambia wapangaji wamtumie dada kodi kwa simu, maana akaunti iligeuka kuwa kibubu kisichopasuka.

Aprili nikaenda nyumbani. Saa tatu asubuhi nikaweka kidole kwenye mashine, laini ikarudi, kwa bahati namba ilikuwa haijapewa mtu mwingine. Saa tano nilikuwa benki, meseji ikaingia, kadi ikaamka. Nikabadilisha sahihi. Karani ni yuleyule. Aliitazama ile mpya, akaiinua juu kidogo, akaniuliza kama nina hakika hii ndiyo nitaendelea nayo.

Tangu siku hiyo laini ya Tanzania iko kwenye nafasi ya pili ya simu yangu, imewashwa. Niliomba huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla sijaondoka, nikazima data kwake ili isinile salio usiku. Mpaka sasa kupokea meseji hakujanikata chochote, ila waulize wa mtandao wako. Dada hunitumia vocha kidogo, nami kila tarehe 1 namtumia meseji ya kawaida kwa laini ile, hata kama ni neno "shikamoo" tu. Kwenye kalenda nimeandika miezi minne kabla ya kadi kuisha.

Kama umeibiwa na hali ni ya dharura, Visa na Mastercard wana simu za msaada za kimataifa, na wanaweza kukupatia kadi ya muda au fedha taslimu ukiwa nje, mradi benki yako ikubali. Kwa hiyo bado unarudi kwa benki yako, lakini angalau kuna mtu anayepokea simu usiku.

Na kinyume chake kipo. Ukipoteza kadi ya Kijerumani ukiwa likizo nyumbani, piga +49 116 116, namba ya kufunga kadi inayofanya kazi saa zote. Kaa na IBAN yako, ile namba ndefu ya akaunti, karibu. Hiyo itafunga kadi za benki zilizojiunga nao huku, kadi ya Tanzania haiwahusu. Mpya usitarajie waitume Morogoro, kwa kawaida huenda kwenye anwani waliyonayo, na namba ya siri hufuata kwa barua nyingine siku nyingine. Mwachie mtu ufunguo wa sanduku la barua.

Langu sasa lina jina langu, kwa herufi kubwa, chini ya la mwenye nyumba. Chini yake kuna majina mengine mawili, ya wenzangu wanaohamahama vyumba na wanaosubiri kadi zao kutoka Dar na Mombasa. Juzi bibi wa ghorofa ya chini alinisimamisha kwenye ngazi akiyanyooshea kidole, akataka kujua ndani ya chumba kile tunalala watu wangapi.