Namna ya Kumtazama Kikande wa Ngozi ya Msasa Malindi

Nilipoanza kuzamia kwa miwani katika hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, nilimfukuza kila samaki niliyemwona, na kwa hiyo sikumjua hata mmoja. Aliyenifundisha kutulia ni kikande wa ngozi ya msasa, wa jamii ya Monacanthidae, ndugu wa kikande wa kawaida na wa bunju.

Samaki huyu si hodari wa mbio. Hujisukuma kwa kutikisa pezi laini la mgongoni na lile la chini karibu na mkia, huku mwili wake, mwembamba kama sahani iliyosimamishwa wima, ukibaki tuli. Kinga yake ni kujificha: hubadili rangi, na wengine huinamisha kichwa katikati ya nyasi za bahari, wakayumba pamoja nazo. Basi usimtafute kwa kuogelea huku na huko. Elea pale pale, kodolea fungu moja la nyasi, na baada ya muda utaona jani moja lina jicho.

Ukimsogelea mno, hujipenyeza katika ufa wa mwamba na kusimamisha mwiba wa mgongoni, ambao mwiba wa pili, mdogo sana, huukaza usilale. Siku moja, nje ya hifadhi, nilimkuta mmoja amenasa hivyo katika matundu ya dema, nikamvuta kwa nguvu hadi mwiba ukavunjika, jambo ninalolijutia mpaka leo. Ilitosha kuulaza kwanza ule mdogo kwa kidole.

Nimpendaye zaidi ni Oxymonacanthus longirostris, mwenye rangi ya kijani na madoa ya chungwa, asiyezidi sana urefu wa kidole. Huishi wawili wawili na karibu chakula chao chote ni Acropora, matumbawe yenye matawi, hata harufu yao hufanana nayo na kuwapoteza maadui. Joto la mwaka 1998 lilipoua matumbawe mengi ya pwani yetu, samaki wa namna hii walipoteza nyumba na chakula kwa mpigo mmoja. Tafadhali usikanyage matawi hayo hata ukichoka, shika boya.

Kwa wapishi: mchune ngozi yote, na matumbo uyafukie. Aluterus scriptus, mwingine wa jamii hii anayeweza kupita mita moja, huenda akawa na sumu ya palitoksini tumboni, na moto hauiondoi. Usimpe hata paka.